Nimehama Docker kwenda Podman: imeji zinajengeka, kasheshe liko kwenye faili la compose

Docker na Podman ni programu za kuendesha kontena, yaani vifurushi vinavyobeba programu pamoja na vyote inavyohitaji; imeji ni kiolezo ambacho kontena hutokana nacho. Aliyetusukuma kuhama ni mteja. Ana duka la jumla Kariakoo, na fundi anayetunza seva yake hataki kabisa programu inayokaa macho muda wote ikiwa na mamlaka ya msimamizi wa mfumo, jinsi Docker inavyofanya kwa kawaida. Podman haina hiyo tabia. Kontena zinaendeshwa na mtumiaji wa kawaida. Mfumo wenyewe si wa ajabu: Django (programu yenyewe ya wavuti), PostgreSQL (hifadhidata), Redis (hifadhi ya haraka ya kumbukumbu) na Nginx mbele inayopokea maombi, vyote ndani ya compose.yaml moja, faili linaloorodhesha huduma zote na jinsi ya kuziwasha pamoja.

Kujenga imeji, sina ugomvi nayo. Kazi hiyo huifanya Buildah kwa ndani, chombo cha kujenga imeji, na inasoma Dockerfile (faili za maelekezo ya ujenzi) zilezile za zamani. Majina ya imeji andika kamili tu, mfano docker.io/library/redis:7, maana Podman haichukulii kwamba kila kitu kinatoka Docker Hub, ghala la imeji la mtandaoni. Halafu ghala lake la kwenye mashine ni tofauti, liko ndani ya ~/.local/share/containers, kwa hiyo imeji ulizokuwa nazo kwenye Docker, Podman haizioni. Ukiwa unatumia bando la simu, usizishushe upya. Amri ya docker save postgres:16 | podman load inazihamisha bila intaneti.

Sasa tuje kwenye compose. Watu wengi wanadhani podman compose ndiyo inayosoma faili. Wapi! Ile ni dalali tu, nyumba si yake. Inatafuta docker-compose kwenye mashine yako, ikiikosa inakwenda kwa podman-compose, na hao wawili hawafanani. Laptop yangu ilitoa imeji yenye jina duka-web. Ya mwenzangu, kwa amri hiyohiyo na faili hilohilo, ikatoa localhost/duka_web. Kistari kimoja kiko katikati, kingine chini, na skripti yetu ya kupeleka imeji kwenye seva ikagoma. Dawa yake ni kuweka mstari wa image: chini ya kila huduma yenye build:, jina ulichague mwenyewe. Ukiamua kubaki na docker-compose, washa kwanza podman.socket, mlango ambao Podman hupokelea maagizo, bila hiyo haina wa kuongea naye.

Lililonikera zaidi ni HEALTHCHECK, yaani agizo la kupima kama huduma ni nzima, iliyoandikwa ndani ya Dockerfile. Podman hujenga kwa muundo wa OCI, kiwango cha wazi cha imeji, ambao hauitambui, basi inakupa onyo la mstari mmoja katikati ya maandishi kibao na kuendelea na safari. Nginx yetu ilikuwa imeagizwa isubiri Django iwe nzima, na uzima wenyewe hakuna anayeupima. Weka BUILDAH_FORMAT=docker kabla ya kujenga, au hamishia kipimo hicho kwenye compose.yaml. Mimi nimehamisha, kinaonekana vizuri zaidi pale.

Poti 80 nayo imefungwa kwa mtumiaji wa kawaida, tumetumia 8080.

Kwenye seva, Podman inabaki, na fundi wa mteja ameridhika. Vijana wa field wanaokuja na laptop za Windows bado nawaachia Docker Desktop. Masharti ya leseni yaliyotangazwa 2021 yanadai malipo kwa kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 250 au mapato yanayozidi dola milioni 10 kwa mwaka, na sisi ofisi nzima tunaenea kwenye Noah moja.