Kadi za Zamani za Besiboli Zenye Daraja la Juu: Ubora Wake na Bei Yake

Mtu anayenunua kadi ya besiboli ya zamani iliyofungwa ndani ya kasha gumu la plastiki, yenye lebo iliyoandikwa 8 au 9, ananunua vitu viwili kwa mpigo: kipande cha karatasi ngumu chenye picha ya mchezaji, na maoni ya mkaguzi aliyelipwa kukitazama. Vitu hivyo viwili havina thamani sawa, na ndiyo maana nimeona vema kuvitathmini kimoja kimoja kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili tunaoishi Marekani, ambao baadhi yetu tumeanza kuingia katika soko hili, na hata kwa walioko nyumbani wanaosikia bei za minada hiyo wakabaki kushangaa. Msimamo wangu ni huu: katika kadi za kampuni ya Topps za mwaka 1952 hadi 1975, daraja la 8 ambalo picha yake imekaa katikati ni bidhaa bora inayostahili fedha zake, daraja la 9 mara nyingi huuzwa kwa bei ambayo macho hayawezi kuithibitisha, na daraja la 7 lenye picha iliyokaa sawasawa ndilo ninalolinunua kwa moyo mkunjufu kuliko yote.

Soko la kuweka madaraja limeshikwa kwa muda mrefu na kampuni tatu. PSA ilianza kazi mwaka 1991, SGC ikafuata mwaka 1998, na Beckett, ambayo awali ilijulikana kwa kuchapisha orodha za bei, ikaanzisha huduma yake ya ukaguzi mwaka 1999. Tangu mwaka 2024 SGC imemilikiwa na kampuni mama ya PSA, jambo ambalo silifurahii, kwa sababu mnunuzi hunufaika pale wakaguzi wanaposhindana. Kipimo chao huanzia 1 hadi 10, na mambo yanayokaguliwa ni manne: pembe, kingo, uso wa kadi, na jinsi picha ilivyokaa kati ya pambizo zake.

Hilo la nne ndilo ambalo mnunuzi anaweza kulipima mwenyewe kwa rula, bila kumtegemea mtu. Ikiwa pambizo ya kushoto ina upana wa milimita 3 na ya kulia milimita 2, kadi hiyo ni ya 60 kwa 40. Kwa vipimo vya PSA, daraja la 9 huruhusu hadi 60 kwa 40 upande wa mbele, daraja la 8 huruhusu 65 kwa 35, na daraja la 7 huruhusu 70 kwa 30. Nyuma ya kadi masharti ni mepesi zaidi: 9 na 8 zote mbili zinaruhusiwa kufika 90 kwa 10. Maana yake ni kwamba kadi mbili zenye lebo ya 8 zinaweza kutofautiana sana, moja ikiwa imekaa katikati kama inavyopaswa, nyingine picha yake ikiwa imesogea upande mmoja kiasi cha kumkera yeyote anayeitazama, na bado zote mbili zikawa zimepewa alama yake kwa haki. Kadi iliyovuka mpaka huo huweza kupewa 8 yenye herufi OC pembeni, yaani picha haikukaa katikati, na sokoni herufi hizo mbili huishusha bei hadi karibu na ile ya kadi iliyo chini yake kwa madaraja mawili.

Mfano ninaoupenda ni kadi namba 177 ya Topps ya mwaka 1968, iliyo kadi ya kwanza ya Nolan Ryan, wakati huo akiwa mrushaji mpira chipukizi wa timu ya New York Mets, ambayo anaigawana na mwenzake Jerry Koosman. Pambizo za kadi zote za mwaka huo zilichapwa rangi ya kahawia zikiigiza kitambaa cha gunia, na kwa hiyo pembe ikichakaa kidogo tu, weupe wa karatasi ya ndani hujitokeza mara moja. Niliwahi kuziweka nakala mbili za kadi hii mezani chini ya taa moja, moja ya daraja la 8 na nyingine la 7. Ile ya 8 ilikuwa na pembe kali kweli kweli; nilipoitazama kwa lenzi ya kukuza mara 10 sikuona uzi hata mmoja wa karatasi uliofumuka. Lakini picha yake ilikuwa imesogea kushoto, na gunia la upande huo lilibaki jembamba mno. Ile ya 7 ilikuwa na nukta nyeupe kwenye ncha ya pembe ya chini kulia, ndogo kuliko punje ya chumvi, na mkwaruzo hafifu uliojitokeza tu nilipoilaza kadi kimshazari chini ya mwanga. Pambizo zake, hata hivyo, zilikuwa karibu sawa pande zote nne, na wino wa buluu na nyekundu ulikuwa bado umekolea. Mtu asiyejua lolote kuhusu madaraja angeichagua ya 7 bila kusita. Muuzaji aliitaka ya 8 kwa zaidi ya mara mbili ya bei ya mwenzake.

Pengo hilo hupanuka kadiri namba inavyopanda. Kutoka 8 kwenda 9 bei ya kadi hii huongezeka mara kadhaa, na nakala iliyopewa 10, ambayo ilikuwa ndiyo pekee ya PSA ya daraja hilo, iliuzwa mnadani mwaka 2016 kwa dola 612,359. Mnunuzi wa namna hiyo hakulipia uzuri wa picha. Alilipia upweke wa kadi yake katika orodha ambayo kampuni huitoa kwa umma, inayoonesha ni kadi ngapi za kila aina zimepewa kila daraja. Orodha hiyo ni chombo muhimu na nashauri isomwe kabla ya kila ununuzi, ila isomwe kwa tahadhari, kwa kuwa wapo wanaovunja kasha na kuirudisha kadi ileile mara kwa mara wakitafuta alama ya juu zaidi, na kadi moja huweza kuhesabiwa zaidi ya mara moja.

Ni lazima pia kujua kwa nini kadi fulani ni adimu katika hali nzuri, maana sababu ya uhaba ndiyo inayoipa bei uimara. Kadi namba 1 ya Topps ya mwaka 1952 ni ya Andy Pafko, mchezaji mzuri ambaye hakuna anayemlinganisha na magwiji. Watoto wa enzi hizo walizipanga kadi zao kwa namba na kuzifunga kwa mpira mwembamba, hivyo Pafko alikaa juu ya bunda akipokea mikwaruzo yote na alama ya mpira ubavuni. Mwaka 1998 Pafko wa daraja la 10 aliuzwa kwa dola 83,970, bei iliyowatikisa wakusanyaji wa wakati huo. Kadi za mwaka 1971 zina tatizo la aina nyingine: pambizo zake ni nyeusi, na wino mweusi hubanduka kingoni kwa kuguswa tu, kiasi kwamba hata kadi iliyotoka moja kwa moja kwenye pakiti ingeweza kuwa na chembe nyeupe. Katika kadi za mwaka huo nakubali kulipa zaidi kwa daraja la 8, kwa sababu hapo tofauti inaonekana kwa macho matupu, bila lenzi wala taa maalumu, na kadi namba 630 ya mchezaji Roberto Clemente ikiwa na kingo nyeusi timilifu ni kitu cha kupendeza hasa.

Kwa gwiji Mickey Mantle, kadi namba 311 ya Topps ya mwaka 1952, mambo ni makubwa zaidi. Hii si kadi yake ya kwanza; ya kwanza ni ya kampuni ya Bowman ya mwaka 1951. Lakini ilikuwa katika fungu la mwisho la namba za mwaka huo, lililofika madukani kwa kuchelewa, msimu ukiwa unaelekea ukingoni, na masanduku yake mengi yalibaki ghalani hadi mwaka 1960, pale Sy Berger wa Topps alipoyapakia kwenye mashua na kuyatupa baharini. Aliyebuni kadi hizo ndiye aliyezizamisha. Mwaka 1985 mfanyabiashara Alan Rosen alinunua maelfu ya kadi za mwaka 1952 karibu na Boston, zikiwa safi kana kwamba hazijawahi kushikwa, na humo ndimo ilimotoka nakala aliyoiuza mwaka 1991 kwa dola 50,000. Nakala hiyo, iliyopewa 9.5 na SGC, iliuzwa Agosti 2022 na kampuni ya minada ya Heritage Auctions kwa dola milioni 12.6. Kabla yake, kadi za Mantle huyohuyo za PSA 9 zilikuwa zimeuzwa kwa dola milioni 2.88 mwaka 2018 na dola milioni 5.2 Januari 2021. Hizi mbili za mwisho zina alama ileile na miaka isiyofika mitatu kati yake. Karatasi haikubadilika, kilichobadilika ni wingi wa fedha zilizokuwa zikizunguka wakati wa janga la korona, na baada ya kilele hicho bei za kadi nyingi za kawaida zilishuka sana. Anayenunua leo asitumie bei za mwaka 2021 kama kipimo. Aangalie mauzo ya miezi michache iliyopita ya kadi ileile, daraja lilelile, na ikiwezekana yenye ukaaji uleule wa picha.

Sasa nigusie uaminifu wa ukaguzi wenyewe, kwani hapa ndipo ninapowanyima alama. Kadi ya kwanza kabisa kukaguliwa na PSA, mwaka 1991, ilikuwa ya mchezaji Honus Wagner, ya mfululizo wa kadi uitwao T206, uliotolewa na kampuni ya tumbaku kati ya mwaka 1909 na 1911, na ilipewa 8. Ilikuwa mali ya nyota wa mpira wa magongo wa barafuni, Wayne Gretzky, na mshirika wake, waliokuwa wameinunua mnadani kwa dola 451,000. Mwaka 2013 dalali Bill Mastro alikiri mbele ya mahakama ya Marekani kwamba aliipunguza kingo kadi hiyo kabla ya kuiuza, jambo ambalo kwa kanuni za wakaguzi huiondolea kadi haki ya kupewa namba yoyote. Tangu hapo ukaguzi umeboreka, nami sisemi kwamba lebo hazina maana. Nasema lebo ya daraja la juu kwenye kadi ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia inahitaji jicho la pili. Kadi iliyokatwa huwa na kingo kali kupita kiasi kwa umri wake, au pembe zake hazifanani: moja imechakaa na jirani yake ni mpya. Vipimo vyake navyo husaidia, kwa kuwa kadi za Topps kuanzia mwaka 1957 zinapaswa kuwa na milimita 63.5 kwa 88.9, na zile za mwaka 1952 ni kubwa zaidi, milimita 66.7 kwa 95.25. Kwa kadi ambazo bado hazijafungwa, taa ya urujuanimno hufichua bandia nyingi, kwa kuwa karatasi za kisasa hung'aa chini yake ilhali zile za kabla ya miaka ya 1940 kwa kawaida hazing'ai.

Kati ya kampuni tatu, kwa kadi za zamani PSA ndiyo inayorudisha bei kubwa zaidi mtu akitaka kuuza, na kwa anayenunua ili auze baadaye hakuna sababu ya kuhangaika na nyingine. Kwa anayenunua ili atunze na kutazama, napendelea SGC. Fremu yake nyeusi huishika kadi isiyumbe ndani ya kasha na kuzifanya pambizo nyeupe zijitokeze vizuri, na kadi ya ubora uleule mara nyingi hupatikana kwa bei nafuu. Beckett nimeona inafaa zaidi kwa kadi mpya kuliko hizi.

Gharama za mnada zisisahaulike. Minada mikubwa humtoza mnunuzi ada ambayo mara nyingi ni asilimia 20 au zaidi juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyotajwa mnadani, kisha huja kodi ya mauzo ya jimbo na bima ya usafirishaji, kwa hiyo kadi iliyogongwa kwa dola 1,000 hufika nyumbani ikiwa imegharimu dola 1,200 na ziada. Ikishafika, namba ya cheti iliyo kwenye lebo iingizwe katika tovuti ya kampuni, na pale ambapo kampuni imehifadhi picha, zilinganishwe: nukta za wino, mwelekeo wa mkato, doa la nta mgongoni. Makasha ya kughushi yapo, na baadhi hubeba namba halisi zilizonakiliwa kutoka kwa kadi ya mtu mwingine, hivyo namba kukubaliwa na tovuti hakutoshi. Picha na kadi zikitofautiana, irudishwe kwa muuzaji siku hiyohiyo, kasha likiwa halijafunguliwa.