Shabu kwa ngozi ya sungura: nzuri, ila usiipeleke kwenye maji

Kwa anayeanza kusindika ngozi za sungura nyumbani, shabu ndiyo dawa ya kuanzia. Haina hatari za asidi ya betri ambayo wengine huitumia kwa kazi hii, haichafui manyoya, na upande wa nyama hutoka mweupe. Kasoro yake ni moja, lakini ni kubwa, tutaifikia.

Chukua ya unga. Ya mawe ni dawa ileile, ila mabonge hubaki chini ya ndoo bila kuyeyuka, ukadhani dawa imekolea kumbe ngozi imelala kwenye maji ya chumvi tu. Kwa ngozi mbili au tatu: maji lita 8, shabu kikombe kimoja cha mililita 250, chumvi ya mawe kikombe kimoja. Yeyusha shabu kwa maji ya moto kidogo, umimine kwenye ndoo, usubiri yapoe kabisa. Ngozi mbichi ikikutana na maji ya moto hunywea, na hairudi. Ndoo iwe ya plastiki, kwa sababu shabu hula sufuria ya alumini na chuma huacha madoa. Chumvi nayo usiibanie: shabu ina uchachu, na pasipo chumvi ya kutosha ngozi huvimba.

Baada ya saa 48 utando wa ndani unakuwa umelegea. Anzia mkiani, penyeza kidole gumba chini yake na usukume kuelekea shingoni; ukibahatika unatoka kipande kimoja. Tumboni ngozi ni nyembamba sana, kwa hiyo kisu kiweke mbali. Rudisha ngozi ndooni, ongeza kikombe kingine cha shabu na kingine cha chumvi, iache siku 7. Koroga asubuhi na jioni. Mkunjo usiofikiwa na dawa huoza, na manyoya huanza kung'oka tumboni na kwapani.

Usiamini kalenda peke yake. Kata kipande chembamba shingoni, palipo nene, utazame ukingo: uwe mweupe hadi katikati. Ukiona mstari wa kijivu unaopitisha mwanga, bado haijaiva.

Sasa ulaini, na hapa shabu haikusaidii, ni mikono. Suuza kidogo, kamua kwa kubonyeza (kusokota kunachana), paka upande wa nyama kiini cha yai kilichokorogwa na kijiko cha mafuta, kisha anika kivulini. Kingo zikianza kukakamaa huku katikati bado pana ubaridi ukiigusa shavuni, ndio wakati wake. Ivute pande zote, isugue kwenye ukingo wa ubao. Kila panapovutwa hugeuka peupe. Iache kidogo, rudia, mpaka ikauke mikononi. Ukichelewa ikawa kama ubao, ifunike kwa kitambaa chenye unyevu upande wa nyama, uanze tena.

Kasoro sasa. Shabu haishikani na ngozi moja kwa moja: ikilowa hutoka na maji, na ngozi ikikauka hurudi ugumu wa ngozi mbichi. Inafaa mito ya mapambo, bitana na midoli ya watoto isiyofuliwa. Viatu na glavu za mvua, hapana. Kwa vitu hivyo kuna magome ya miti yenye tanini (dawa ya asili inayoshikana na ngozi), ambayo hutaka wiki kadhaa na huyapa manyoya meupe rangi ya chai.