Antibodi ya gp130 niliyotumia miezi sita: uzoefu wangu

Jamani hii antibodi ya monokloni ya sungura, inayoshika gp130 (kipokezi kwenye utando wa seli), imenitoa kwenye shida kubwa sana kwenye western blot, yaani kutenganisha protini kwa ukubwa kwenye jeli kisha kuitafuta unayotaka kwa antibodi. Kabla yake nilikuwa na ya polikloni (mchanganyiko wa antibodi nyingi) ya kampuni nyingine, ilikuwa inanipa bendi nene safi kabisa kwenye kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 100 hivi, na nikaridhika maana gp130 ina amino asidi 918, ukipiga hesabu unapata kama 104, nikasema ndo yenyewe. Kumbe wapi! Hiki kipokezi kimejaa sukari kwa hiyo kwenye jeli kinakaa juu, kwenye 130, na jina lake limetoka hapo hapo. Nilipokuja kupima seli zilizoondolewa jeni yake, ile bendi ya 100 ikawa bado ipo vilevile, haijafifia hata kidogo. Iliniuma, maana wiki nane za kazi yangu zote zilisimama juu ya bendi hiyo.

Basi hii mpya ilipofika nikaijaribu kwanza kwa jeli moja tu: seli za kawaida, seli zisizo na jeni, halafu sampuli niliyoitia kimeng'enya cha PNGase F ikate sukari. Safu ya kwanza bendi iko 130, ya pili nyeupe kabisa, ya tatu imeshuka karibu na 100. Niliishika ile picha nikaiangalia muda mrefu, yaani raha niliyoisikia siwezi kueleza.

Natumia 1 kwa 1000 kwenye maziwa 5%, usiku kucha kwenye nyuzi 4. Nimeshanunua loti ya pili na haina tofauti, ambapo ile ya polikloni kila loti ilikuwa na tabia yake.

Ila mnaotaka flo saitometri (kupima seli moja moja kwa mwanga) kwa seli hai msiichukue, hii inashika mkia wa ndani ya seli, haiwezi kuufikia bila kutoboa utando. Tafuteni inayoshika sehemu ya nje, na seli mzibandue kwa kemikali ya EDTA, maana tripsini ni kimeng'enya cha kukata protini, inaweza kuwakatia vipokezi mkadhani havipo. Na kitu kimoja kinanikera, karatasi ya maelezo ya kampuni haina picha ya seli zisizo na jeni. IL-6, IL-11, LIF (protini zinazopeleka ishara kwa seli) wote wanapitia gp130, ukikosea hapa umekosea kote, kwa hiyo hiyo picha wangeiweka wao, nisingehangaika kuitengeneza mwenyewe.

Nyota nne.