TAHADHARI: "Pagi" wa kupakwa piko

Wana Tanga, kuna mtu anapita kwenye magrupu ya WhatsApp na picha za watoto wa pagi, wale mbwa wadogo wa uso bapa wenye asili ya Uchina. Bei sh 450,000, kianzio 200,000 kwa simu. Mimi nimeshaliwa.

Mbwa alifika stendi ya Kange mwezi wa pili, saa nane mchana, ndani ya boksi kwenye buti la basi la Dar. Hapo tu ningeshtuka. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na pagi kwa pua ile fupi kuhema kwenyewe ni shida. Joto la buti lingemmaliza kabla ya Segera. Mwenye pagi wa kweli hathubutu. Huyu wangu alitoka anatikisa mkia, na mkia umenyooka kama mwiko, wakati wa pagi hujiviringa juu ya kiuno. Nikajiambia utajikunja akikua. Ukishatoa hela unaona unachotaka kuona.

Uso ulikuwa mweusi kama pichani. Siku ya nne vikatoka vidonda kuzunguka macho. Wifi yangu, kazi yake kupamba maharusi, alimgeuza uso mara moja tu: "Wifi, hii piko. Tena imepakwa ovyo."

Daktari wa mifugo alimtibu, kisha akaangalia kadi ya chanjo akacheka. Haina lebo hata moja ya kichupa cha dawa, na eti alichanjwa kichaa cha mbwa akiwa na wiki sita, wakati chanjo hiyo kwa kawaida husubiri miezi mitatu. Wiki sita hata kuachishwa mama ni mapema. Subirini angalau nane.

Kinachoniuma zaidi: nilimuuliza muuzaji kama mbwa anakoroma, akajibu, "Dada, hii mbegu safi, haikoromi." Pagi wengi hukoroma hata wakiwa macho! Anayewafuga kweli atakueleza hayo bila kuulizwa, na habari ya kufuta mikunjo ya uso na kuikausha isioze, na kutomlisha hovyo maana mkubwa wake ni kama kilo nane. Atakuuliza nyumbani kuna feni. Huyu aliuliza tu kama muamala umeingia.

Dai simu ya video papo hapo, mama na mtoto pamoja, usikie wanavyohema. Yangu aliikwepa mara tatu, mtandao eti mbovu.

Mbwa ninaye bado, pua imeshakuwa ndefu, tunamwita Piko. Muuzaji kanizuia, namba yake nimeituma 15040, kule kwa kuripoti matapeli wa simu. Juzi picha zilezile zimerudi kwa namba mpya, sasa eti ni Shih Tzu. Angalieni kochi la kijani lenye kitambaa cha kufuma nyuma ya mbwa. Mkiliona, msitume hata mia.