Mwezi mzima wa saladi ya tuna bila wali: ya mkahawani, ya kopo na ya jodari wa Darajani

Assalam alaykum jamani. Mie nimepunguza wanga mwezi na siku kadhaa sasa, na sio fasheni, sukari yangu ilikuwa inapanda panda tokea Ramadhani na daktari kanambia punguza wali, punguza boflo, mbatata na muhogo navyo usivisogelee sana, yani kataja kila kitu ninachokipenda kwa mpangilio. Ikabidi nitafute kitu cha kubeba kazini chenye kushibisha na kila nnaemuuliza ananambia tuna, kula saladi ya tuna, haina wanga. Na kweli samaki mwenyewe hana wanga, gramu 100 za tuna zinakupa kama gramu 25 za protini na wanga hakuna. Lakini anavyochanganywa huyo samaki ndo balaa linapoanzia, na hilo nimelijua kwa pesa yangu.

Ya kwanza nimeila mkahawani, maeneo ya Vuga hapa mjini Unguja, jina nalihifadhi. Kwenye menyu imeandikwa saladi ya tuna ya dayati, shilingi 15,000, nkasema poa, leo nimefika. Inakuja sahani nzuri kwa macho, wallahi ungeipiga picha, kutia uma nakuta mahindi ya kopo kibao, mbatata zimekatwa vidogo vidogo, mayonezi tamu kama ya watoto, na pembeni vipande viwili vya boflo vimepakwa siagi. Tuna yenyewe unaitafuta kama umeangusha sindano. Nkamuuliza yule kijana, kaka hii dayati ipi? Akanambia dada, haijakaangwa hiyo. Haya bas. Nusu kikombe cha mahindi peke yake kina wanga kama gramu 15, na wanaofata keto, ile dayati ya kukata wanga karibu wote, siku nzima wanajiwekea baina ya gramu 20 na 50, sasa ukijumlisha mbatata na boflo umekula chakula cha mchana cha kawaida tu ila kimepoa. Huduma nzuri, juisi sikunywa, sirudi.

Nkahamia kwenye makopo. Nimenunua matatu ya aina tofauti, duka moja hapo hapo mjini, kila moja baina ya 5,000 na 7,000. Kwanza nichekeni kidogo, kopo moja limetoka Thailand, jengine Ushelisheli, na mie nakaa kisiwani bahari kila upande, jodari, ndo tuna mwenyewe, anapita hapa mbele yetu halafu namnunua wa kopo kavuka bahari nzima. Ila ofisini huwezi kuchemsha samaki, watakufukuza, kwa hiyo kopo lina kazi yake.

La kwanza la mafuta, hili ndo zuri kuliko yote. Nyama imebaki vipande, haijawa unga, ina ladha, ukimwaga mafuta yake nusu na kubakisha mengine hata mayonezi huihitaji nyingi. Watu wa dayati ya zamani watakwambia chukua la maji lina nishati kidogo, ni kweli, lakini mie nnaekimbia wanga mafuta hayanisumbui kihivo, na ukila kavu saa kumi njaa inarudi na ukipita kwa muuza mandazi ndo ushaharibu kila kitu. La pili la maji na chumvi, nyama ngumu, kavu, kama unatafuna pamba, ukilichuja na kulikamua linabaki robo ya kopo. Hapo angalieni sana, uzito mkubwa ulioandikwa mbele ni pamoja na maji, kuna uzito mwengine mdogo wa nyama iliyochujwa, huo ndo unaoununua. La tatu pia la maji, hilo nitalisema mwisho. Na yapo yale ya tuna kwenye sosi ya tungule au yaliyochanganywa na mahindi, hayo sikununua, ukisoma nyuma ya kopo mara nyingi utakuta sukari, na mengine unga wa kuifanya sosi iwe nzito.

Mayonezi nayo nimefanya makosa wiki ya mwanzo nkachukua ile ya mafuta kidogo, nkijiona mjanja. Kumbe wakipunguza mafuta wanaongeza wanga na sukari ili iwe nzito vile vile. Chukua ya kawaida, yai na mafuta, wanga wake ni kama hakuna. Soma tu nyuma kwanza kwa sababu na za kawaida nyengine zimetiwa sukari.

Sasa jodari. Jumamosi nkenda Darajani asubuhi na mapema, ile marikiti ya zamani ya 1904, sehemu ya samaki unaijua hata ukifumba macho. Kipindi hichi upepo wa kusi, vyombo vingi havendi mbali kwa hiyo bei inapanda, siku ile nimepata kwa 14,000 kilo baada ya kubishana mpaka muuzaji kanambia dada chukua uondoke. Kilo moja ya nyama tupu, saladi ya siku tatu kwa watu wawili, piga hesabu na makopo mwenyewe. Sehewa pia anafaa na anakuwa rahisi ila nyama yake nyeusi zaidi na ina ukali kidogo.

Naichemsha hivi, maji kidogo, chumvi, thomu mbili zimepondwa, ndimu moja, pilipili manga, yakichemka natia vipande vikubwa na baada ya dakika kama kumi nazima moto namwacha apoe humo humo kwenye maji yake. Hapo ndo siri ilipo, ukimtoa wa moto anakauka na mwisho wake unarudi kwenye ile pamba ya kopo. Akipoa namvunja kwa mkono, sio kwa uma. Kitunguu maji nakikata chembamba nakikosha kwa chumvi kama cha kachumbari, nakikamua, ukali wote unaondoka. Tango natoa mbegu kwanza natia chumvi naliacha litoe maji, maana tango lisilokamuliwa saladi yako ikifika kazini ni supu. Pilipili boga, kotmiri nyingi, mayai mawili ya kuchemsha, haradali kijiko cha chai, mayonezi vijiko viwili vya kulia, pilipili mbichi moja, na ndimu tena. Embe mafuta, wengine mnaita parachichi, naikata wakati wa kula tu, ukiitia usiku asubuhi imekuwa rangi ya matope. Napakia juu ya majani ya saladi, siku nyengine natia ndani ya nusu ya embe mafuta yenyewe, hapo hata sahani huhitaji.

Ladha? Mbali sana na kopo. Bi mkubwa wangu ambae siku zote ananambia chakula gani hicho hakina wali kaionja, kanyamaza, halafu kachukua bakuli kenda kuitia juu ya wali wa nazi akala yote. Simlaumu.

Ila jodari ana lake na hili msilichukulie mzaha. Asikae juani. Samaki wa aina hii akikosa barafu anatengeneza kitu kinaitwa histamini, na hata umchemshe saa nzima hakiondoki. Mwaka juzi ndugu yangu kala jodari wa jioni alietembezwa mitaani kutwa bila barafu, haijafika saa nzima uso mwekundu, mwili mzima unawasha, kichwa kinagonga, tukadhani sijui kaingiwa na pepo gani, kumbe samaki. Ukiweka mdomoni ukahisi ulimi unawashwa kama umekula pilipili na hujatia pilipili, tema. Mie nabeba ndoo ndogo na barafu mpaka marikiti, wananicheka, wacheke. Na saladi ikishachanganywa friji moja kwa moja, kwangu mwisho siku mbili, siku ya tatu nabakisha samaki mtupu nachanganya upya. Umeme ukikatika usiku mzima mwaga usijadiliane na nafsi yako.

Na wenzangu mnaotumia sindano au vidonge vya sukari, msikate wanga ghafla bila kumwambia daktari, sukari inaweza kushuka ukaangukia kazini.

Kwa hiyo kama mnataka alama, jodari wa Darajani tisa kwa kumi, moja nimeitoa kwa bei na kwa harufu ya mikono kutwa nzima. Kopo la mafuta saba, lipo droo ya ofisini daima. La maji la pili nne. Mkahawa mbili, zote za yule kijana kwa heshima zake. Lile kopo la tatu nililifungua Jumatano, nkala vijiko viwili nkashindwa, nkamuekea paka wa pale barazani kwetu, kalinusa, kaniangalia, kaondoka.