Zulia la baba lililopungua umri: uzoefu wangu wa kuthaminisha zulia la picha la Kiajemi mjini Hamburg

Marehemu baba yangu, aliyekuwa baharia, alinunua mjini Hamburg katika miaka ya 1970 zulia la Kiajemi lenye picha ya mfalme aliyeketi kwenye kiti cha enzi kinachobebwa na safu za watu wadogo. Lilikaa kwetu Mombasa kwa miaka mingi kabla sijalirudisha Ujerumani, na muda wote huo tuliamini kwamba lilifumwa mwaka 1810. Imani hiyo hatukuambiwa na muuzaji, tulijipa wenyewe, kwa kuwa ukingoni mwa picha kuna tarehe, na mtu yeyote aliyepita chuoni angeisoma 1225 ya Hijria bila kusita.

Kampuni ya bima iliponidai hati ya thamani, nilianza na huduma ya mtandaoni. Nililipa euro 35, nikatuma picha nne za uso wa zulia, na baada ya siku mbili nikajibiwa kuwa ni la mwanzoni mwa karne ya 19 na thamani yake ni euro 11,000. Hakuna aliyeniomba picha ya upande wa nyuma. Bima waliikataa hati hiyo, na sasa naona walikuwa na haki.

Ndipo nikalipeleka kwa mthamini mwenye ofisi Speicherstadt, eneo la maghala ya matofali mekundu lililofunguliwa mwaka 1888, ambako wafanyabiashara wa mazulia kutoka Iran wamekuwa na maghala yao kwa miongo mingi. Ada yake ni euro 180, haipandi wala haishuki kwa kufuata thamani ya zulia, na jambo hilo lilinipa imani kwamba hana sababu ya kutia chumvi.

Mzee huyo, Muirani wa Hamadan, mji wa magharibi mwa Iran, hakuutazama uso wa zulia hata kidogo mwanzoni. Alilipindua, akaweka lenzi, akanionyesha kuwa kati ya safu moja ya mafundo na nyingine umepita uzi mmoja tu wa mshindio (uzi wa upana), kiasi kwamba nyuzi nyeupe za mtande (nyuzi za urefu) zinajitokeza kama vitone, nayo ndiyo alama ya mazulia ya upande wa Hamadan. Alihesabu mafundo 15 kwa kila sentimita ya mraba. Kisha akasugua kitambaa cheupe chenye unyevu kwenye rangi nyekundu kuona kama inachuja (haikuchuja), akafunua manyoya hadi kwenye shina, na mwishowe ndipo akalipindua tena kusoma jina: Hushang Shah, mfalme wa Shahnameh, utenzi mkuu wa wafalme wa Kiajemi, anayesimuliwa kuwa ndiye aliyegundua moto kwa kupigisha jiwe juu ya jiwe.

Hapo ndipo mwaka 1810 ulipoanguka. Alinieleza kuwa sura ya Hushang kwenye mazulia ya aina hii hufuata picha za Nama-ye Khosravan, kitabu kilichoanza kuchapishwa Tehran mwishoni mwa miaka ya 1860, kwa hiyo haiwezekani ifumwe kabla ya kitabu hicho kuwapo. Akaniwekea lenzi juu ya tarakimu ya pili: ilikuwa ٣ (tatu) iliyong'olewa jino moja ikawa ٢ (mbili), na sufu iliyojaziwa pale ilikuwa imefifia kuliko nili iliyoizunguka. Tarehe ya kweli ni 1325.

Nilipokwisha kukokotoa kuwa huo ni mwaka 1907, akatabasamu. Iran ilipitisha sheria mwaka 1925 ya kutumia Hijria ya jua, ambayo miaka yake hufuata jua badala ya mwezi, na kwa hesabu hiyo 1325 ni 1946. Rangi ndiyo iliyoamua: rangi ya chungwa ilikuwa ileile shinani na nchani, jambo ambalo alilihusisha na rangi za kromu, yaani rangi za viwandani zisizofifia upesi, zilizoenea baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa saa moja na nusu zulia letu lilikuwa limepoteza miaka 136.

Hati ina kurasa sita na inatenganisha thamani mbili: euro 2,400 kwa ajili ya bima, yaani gharama ya kupata jingine linalofanana nalo, na euro 700 hadi 900 kama likiuzwa mnadani. Tofauti hiyo aliihusisha kwa sehemu na soko la Marekani, ambalo vikwazo vililifunga tena kwa mazulia ya Iran Agosti 2018. Alitaja pia kona iliyoliwa na nondo, ambayo mimi nilidhani ni uchakavu tu, na matamvua ya upande mmoja ambayo yameshonewa baadaye badala ya kuwa nyuzi za mtande wenyewe.

Kasoro zipo. Hati niliahidiwa kwa wiki moja ikaja baada ya tatu, na ni ya Kijerumani tupu, hivyo dada yangu aliyeko Mombasa ilibidi nimsomee kwa simu ukurasa baada ya ukurasa. Ningependa pia picha za ile tarakimu ziwe kubwa zaidi. Hata hivyo ningemrudia. Alinipa bei ya kuirudisha ٣ mahali pake, nikakataa, ingawa dada bado ananilaumu kwa kumwambia mtu wa bima.