a2enmod: kifaa kidogo cha kuiamsha Apache iliyogoma

Natumia Apache (programu ya seva ya tovuti) kwenye Debian, aina ya Linux, na leo namwagia sifa a2enmod, amri ya kuwasha moduli, yaani vipande vya nyongeza vya Apache. Thamani yake utaiona siku seva inapogoma kuwaka, logi ikilalamika kwamba haiitambui amri RewriteEngine uliyoiweka kwenye mipangilio ya tovuti: ama umekosea tahajia, ama moduli yake haijapakiwa. Mara nyingi tahajia haina kosa lolote. Moduli iko kwenye diski, imekaa tu ndani ya mods-available, folda ya moduli zilizopo, ikisubiri kuitwa.

Naandika `a2enmod rewrite`, kinatengeneza kiungo cha faili ya moduli ndani ya mods-enabled, folda ya moduli zilizowashwa, nawasha seva upya, kazi imeisha. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba kinajua moduli ipi inategemea ipi. Ukiomba proxy_http, kinawasha na proxy bila kuambiwa. Ukihariri kwa mkono mistari ya LoadModule, ile inayopakia moduli, huo ni mzigo wako mwenyewe.

Kasoro zipo. Hakiwashi seva upya, kinakukumbusha tu. Wala hakisakinishi kitu: kikisema moduli haipo kabisa, basi kifurushi chenyewe hakijaingia, anzia kwa apt, kisakinishi cha Debian. Mipangilio yako nayo hakiikagui, ndiyo maana kabla ya kuwasha mimi hupitisha `apachectl configtest`, inayokutajia faili na hata namba ya mstari wenye tatizo (hiyo nayo inastahili sifa zake). Watu wa Red Hat, aina nyingine ya Linux, hawana a2enmod, poleni.

Nyota nne kati ya tano.